Msamba Si wa Wanasarakasi Tu: Tuongee Kuchanika, Nyuzi na Kupona Baada ya Kujifungua

Ukimuuliza mwanachuo wa kawaida "msamba" ni nini, atakuambia ni ile staili ya kukaa chini miguu imenyooka huku na huku, kama wanavyofanya wanasarakasi na wacheza shoo wa bendi. Hata mimi nilikuwa najua hivyo hivyo. Maana yake ya pili nilijifunza likizo ndefu iliyopita, nikiwa nyumbani Kiomboi, na kwa kweli nilijifunza kwa kuchelewa.

Dada yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza. Alilala usiku mmoja pale alipojifungulia, kesho yake mchana akaletwa nyumbani kwa bajaji. Alishuka kwa kujivuta, akaingia ndani, akakaa upande mmoja kama mtu mwenye jipu. Nikamuuliza, "Dada, vipi, umeumia?" Akanijibu, "Kawaida tu mdogo wangu, ndiyo uzazi huo." Mama na shangazi wakaanza kazi yao ya kumkanda kwa maji ya moto. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchota maji, kuwasha kuni na kufua kanga.

Siku ya tano nikafua kanga yenye harufu ambayo siyo ile ya damu ya uzazi. Ilikuwa harufu ya kitu kinachooza. Usiku ule dada akawa anatetemeka kwa baridi huku mwili wake unawaka. Ndipo akaniambia kwa sauti ya chini, shangazi asisikie: "Walinishona. Nyuzi nne au tano, sijui. Naona kama zimefumuka."

Asubuhi tukampeleka hospitali. Kidonda kilikuwa kimeingia vijidudu na sehemu ya nyuzi zilikuwa zimeachia kweli. Akasafishwa, akapewa dawa, tukaelekezwa namna ya kumhudumia, na baada ya wiki kadhaa alipona vizuri. Nesi mmoja mtu mzima aliyemhudumia alituuliza swali moja tu: "Siku zote tano hizi mlikuwa mnasubiri nini?"

Tukanyamaza wote. Ukweli ni kwamba hatukuwa tunasubiri kitu chochote. Kule alikojifungulia hakuna aliyemweleza alichanika wapi, alishonwa kwa uzi gani na aangalie dalili zipi. Nyumbani ni aibu kutaja sehemu hiyo mbele ya watu wazima. Na mimi, mwanachuo wa mwaka wa pili, niliyefaulu Baiolojia kidato cha nne, nilikuwa sijui hata jina la sehemu yenyewe.

Nimeandika makala hii kwa sababu hiyo. Kuchanika wakati wa kujifungua ni jambo la kawaida, na mara nyingi linapona bila shida. Linalolifanya liwe balaa ni ukimya.

Msamba ni nini hasa?

Msamba ni ile sehemu ya mwili iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kwa nje unaonekana ni ngozi tu, lakini chini ya ngozi kuna misuli iliyopishana, inayobeba viungo vya nyonga. Misuli hiyo ndiyo inayokusaidia kubana mkojo ukiwa kwenye foleni ya choo cha hosteli, na kubana choo na hewa ukiwa katikati ya lekcha.

Wakati wa kujifungua, njia ya mfuko wa uzazi inafunguka mpaka sentimita 10. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina mzunguko wa kama sentimita 34 hivi, na chote lazima kipite hapo. Mwili wa mwanamke umeumbwa kutanuka, lakini kutanuka nako kuna kikomo. Kikomo kikifika, ngozi au misuli inachanika.

Wala siyo jambo la wachache. Chuo cha Kifalme cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Uingereza kinaeleza kuwa kati ya wanawake 10 wanaojifungua kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza, hadi 9 hupata mchubuko, kuchanika au kuongezewa njia. Ina maana kwamba katika mama zetu wote waliotuleta duniani kwa njia ya kawaida, wengi wamepita hapo. Hawajatuambia tu.

Madaraja manne

Wataalamu wanagawa kuchanika katika madaraja manne. Ni muhimu kuyajua, kwa sababu matibabu na muda wa kupona vinategemea daraja.

Daraja la kwanza ni ngozi tu. Wakati mwingine hata kushonwa hakuhitajiki, panapona penyewe.

Daraja la pili linafika kwenye misuli ya msamba. Hili linatokea sana, na kwa kawaida linashonwa pale pale leba na mkunga. Dada yangu alikuwa na hili.

Daraja la tatu linafika kwenye msuli wa mviringo unaobana njia ya haja kubwa. Daraja la nne linapita msuli huo mpaka kwenye utando wa ndani wa njia ya haja kubwa. Haya mawili yanatakiwa kushonwa na mtaalamu aliyefunzwa, kwenye chumba cha upasuaji penye mwanga wa kutosha na ganzi ya kutosha. Baada ya hapo mama anapewa antibiotiki na dawa ya kulainisha choo. Kwa takwimu za Uingereza, yanawapata kama wanawake 6 kati ya 100 wanaojifungua kwa mara ya kwanza, na kama 2 kati ya 100 kwa wale waliowahi kujifungua kwa njia ya kawaida.

Daraja la tatu au la nne lisipogundulika, mama anaweza kurudi nyumbani akiwa na tatizo la kushindwa kuzuia hewa au choo, na akadhani ndiyo uzazi umemwachia. Kwa hiyo baada ya kujifungua mkunga anatakiwa kuukagua msamba vizuri, pamoja na kupima kwa kidole njia ya haja kubwa, kwa kumweleza mama kwanza na kupata ridhaa yake. Usishangae wala usione umedhalilishwa. Kipimo hicho cha dakika moja kinaweza kukuokoa na miaka ya kujificha.

Nani anachanika zaidi?

Nimesikia kwa masikio yangu watu wakisema mwanamke aliyechanika "alibana miguu" au "hakujua kusukuma". Jamani, tuache. Sababu kubwa hazipo mikononi mwa mama. Anayejifungua kwa mara ya kwanza yuko kwenye uwezekano mkubwa zaidi. Vilevile mwenye mtoto wa zaidi ya kilo 4, mtoto aliyekaa uso ukiangalia juu, mtoto aliyekwama mabega, mtoto aliyetoka kwa kasi sana, au aliyevutwa kwa vifaa.

Kuna sababu nyingine ambayo sisi wa Singida hatuwezi kuiruka, nayo ni ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa karibu wanawake 31 kati ya 100 wa mkoa wetu walikuwa wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 20 kati ya 100. Imepungua, lakini bado tupo kwenye orodha ya mikoa inayoongoza. Wengine wanafanyiwa wakiwa wachanga kabisa, kwa kisingizio kwamba ni dawa ya "lawalawa", yaani maambukizi ya sehemu za siri ambayo yanatibika kwa usafi na dawa za hospitali.

Kovu halitanuki kama ngozi ya kawaida. Kichwa cha mtoto kikifika pale penye kovu, panachanika kirahisi, na wakati mwingine panachanika vibaya. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa utafiti uliofanyika katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, kwa wanawake zaidi ya 28,000. Ulionyesha kuwa waliokeketwa walikuwa kwenye hatari zaidi ya kufanyiwa upasuaji na kutoka damu nyingi, na kadiri walivyokatwa sana ndivyo hatari ilivyokuwa kubwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, na adhabu yake inaanzia kifungo cha miaka 5. Kama wewe ulifanyiwa ukiwa mdogo, hukuchagua na huna kosa lolote. Mwambie mkunga mapema, kliniki, ili ajiandae.

Inazuilika?

Yote haizuiliki, ila inapunguzwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu inataja mambo yasiyohitaji mashine. Kwanza, kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu kuwekwa kwenye msamba wakati wa kusukuma. Pili, mkunga kuusindikiza msamba kwa mkono kichwa kinapotoka. Tatu, mama aruhusiwe kuchagua mkao unaomfaa, siyo lazima alale chali. Na wakati kichwa kinatokeza, mkunga akikuambia "usisukume sasa, pumua kwa haraka haraka", msikilize. Anataka kichwa kitoke polepole.

Kuna jambo la kufanya kabla pia. Kwa mimba ya kwanza, kuuchua msamba kwa mafuta safi kuanzia wiki ya 34 au 35, mara moja au mbili kwa wiki, kunapunguza uwezekano wa kuumia kiasi cha kuhitaji nyuzi. Mikono iwe safi na kucha fupi. Kwetu Iramba alizeti siyo habari ngeni, na mafuta yake safi yanafaa. Ila kama chupa imepasuka, unatoka damu au una maambukizi ukeni, usifanye. Muulize mkunga wako kwanza.

Kuongezewa njia

Hili ndilo linalowatisha wasichana wengi. Kuongezewa njia ni mkunga au daktari kuukata msamba kidogo kwa mkasi ili mtoto apite. Unakatwa kwa mshazari, kuelekea pembeni, ili usielekee njia ya haja kubwa.

Zamani sehemu nyingi duniani kila mwenye mimba ya kwanza alikuwa anakatwa tu, kwa imani kwamba mkato ulionyooka unapona vizuri kuliko mchaniko. Utafiti haukuthibitisha hivyo. Miongozo ile ya 2018 haipendekezi kumkata kila mtu kama utaratibu. Inabaki kwa wenye sababu, kwa mfano mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka na anatakiwa kutoka haraka. Hata hapo mama aelezwe, akubali, na achomwe ganzi kabla ya kukatwa.

Sindano, uzi na ganzi

Kabla ya kushonwa unachomwa sindano ya ganzi pale pale. Ganzi ikiwa haijashika, sema. Kwetu tumelelewa kwamba mwanamke anayelalamika leba ni mwoga, lakini kushonwa bila ganzi hakumpi mtu cheti chochote. Mwambie kwa heshima, "Nesi, bado nasikia maumivu, naomba niongezee ganzi au nisubiri kidogo." Ni haki yako.

Uzi unaotumika mara nyingi ni ule unaoyeyuka wenyewe ndani ya wiki chache, kwa hiyo huhitaji kurudi kutolewa nyuzi. Ukiona kipande kidogo cha uzi kwenye pedi baada ya wiki moja au mbili, usiruke, ndiyo unavyotoka. Ila kabla hujaruhusiwa kuondoka uliza maswali matatu. Nimechanika daraja la ngapi? Uzi huu unayeyuka au nirudi utolewe? Na nirudi lini kukaguliwa? Maswali haya matatu dada yangu hakuyauliza kwa sababu hakujua kama yapo.

Wiki sita za nyumbani

Siku tatu nne za mwanzo ndizo ngumu. Msamba unavimba, kukaa ni shida, kukojoa kunachoma. Kitambaa chenye barafu au maji ya baridi sana (usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi), dakika 10 hadi 20, kinapunguza uvimbe. Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kutumiwa na mama anayenyonyesha, kwa kipimo alichoelekezwa. Wakati wa kukojoa jimiminie maji ya uvuguvugu taratibu, kule kuchoma kunapungua.

Usafi ndiyo dawa namba moja. Nawa mikono kabla na baada ya kujishika. Osha kwa maji safi, kuanzia mbele kwenda nyuma, siyo kinyume chake. Kausha kwa kugusa gusa na kitambaa safi, usisugue. Badilisha pedi au kitambaa kila baada ya saa chache hata kama hakijajaa. Kama unatumia vitambaa vya kanga, vifuliwe kwa sabuni na vikauke juani, siyo kufichwa chini ya godoro kwa sababu shemeji atapita uani.

Wengi wanaambiwa wakalie beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Maji ya uvuguvugu yanatuliza, hiyo ni kweli. Chumvi siyo dawa ya kidonda, kwa hiyo usifikiri ukiongeza nyingi utapona haraka. Beseni liwe safi na lisiwe lile la kufulia. Dawa kali za kusafishia, spiriti, majivu, dawa ya meno na majani yaliyopondwa havitakiwi kugusa nyuzi.

Na kukandwa? Najua siwezi kuwaambia mashangazi wa Iramba waache mila ya kumkanda mzazi, na wala sitaki waache kumhudumia. Kule kukaa naye, kumpikia uji na kumbebea mtoto ni matibabu tosha. Ila maji ya moto sana yanaunguza ngozi, na hayatakiwi kabisa kumwagiwa mahali penye nyuzi. Shangazi yangu alielewa alipoelezwa na nesi. Alisema tu, "Sasa mbona hatukuambiwa mapema?"

Choo cha kwanza kinaogopesha kuliko hata kujifungua, wanaojua watakubali. Wengi wanakibana kwa kuogopa nyuzi zisikatike, kisha kinakuwa kigumu na kinaumiza zaidi. Usikibane. Kunywa maji, kula mlenda, mboga za majani, mapapai, machungwa na ugali wa dona au mtama. Ukijisaidia, shikilia msamba kwa kitambaa safi kwa mbele kuutegemeza. Kama ni choo cha shimo, uwe na kitu au mtu wa kushika ili usichuchumae muda mrefu.

Lala ubavu kunyonyesha. Usinyanyue ndoo kubwa. Maumivu yakipungua, anza mazoezi ya kubana misuli ya chini kama mtu anayezuia hewa isitoke: bana, hesabu mpaka tano, achia, rudia. Unaweza kuyafanya umelala na hakuna atakayejua.

Kwa daraja la kwanza na la pili, ndani ya wiki mbili tatu wengi wanakaa vizuri, na kwenye wiki ya sita kidonda huwa kimeshapona. Daraja la tatu na la nne linahitaji miezi, na mama anatakiwa kuendelea kuonwa na daktari.

Na kaka zangu mnaosoma hapa, mpo? Kurudiana kimwili hakuna tarehe iliyoandikwa. Kusubiriwe kidonda kipone, damu ya uzazi ikate, na zaidi ya yote mwenyewe awe tayari. Kwa hiyo swali la "arobaini imeisha au bado?" halitoshi. Muulize, "Bado unaumia?" Na mimba nyingine inaweza kuingia hata kabla hedhi haijarudi, kwa hiyo mwende wote kliniki mzungumzie uzazi wa mpango.

Dalili za kukimbilia hospitali

Usisubiri kesho ukiona mojawapo ya haya: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, harufu mbaya au usaha, homa au kutetemeka, nyuzi kufumuka, damu inayolowanisha pedi nzima ndani ya saa moja au mabonge makubwa, kichwa kuuma sana, kuona ukungu au degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kushindwa kuzuia mkojo, choo au hewa.

Hiyo ya mwisho naomba niifafanue. Mkojo au choo kinachovuja muda wote kupitia ukeni kinaweza kuwa ni fistula, yaani tundu linalotokana hasa na uchungu pingamizi uliochukua muda mrefu, au wakati mwingine mchaniko wa daraja la nne ambao haukushonwa vizuri. Siyo laana wala siyo kurogwa, na inatibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu wanawake hawa bila malipo, na imewahi kuwatumia nauli kwa M-Pesa ili kukosa nauli kusiwe sababu. Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi nazo zinafanya upasuaji huo.

Hata kama huna dalili yoyote, rudi kukaguliwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama akae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, kisha aonwe tena siku ya pili au ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 81 kati ya 100 wanazaliwa kwenye vituo vya afya, lakini mama wanaopimwa ndani ya siku mbili baada ya kujifungua ni karibu nusu tu. Mtoto anapelekwa kliniki, anapimwa uzito, anachanjwa, na mama aliyembeba anarudi nyumbani bila kuulizwa. Siku hiyo mwambie nesi, "Na mimi naomba unikague." Kwa anayekaa Ndago au Shelui na anayefika Kiomboi kwa bodaboda, safari siyo ndogo. Basi isiwe ya mtoto peke yake.

Sisi wa chuoni, na sisi walimu watarajiwa

Hili linatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, wapo wenzetu wanaojifungua wakiwa chuoni. Mfanyakazi analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayompa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwanafunzi siyo mwajiriwa. Anategemea kanuni za chuo za kuahirisha mtihani au masomo, na wengi wanaogopa kuahirisha kwa sababu ya mkopo, au kwa sababu hawataki kuachwa na darasa lao. Matokeo yake mtu anakuja kwenye UE akiwa na nyuzi za wiki moja, anakaa saa tatu kwenye kiti cha mbao. Serikali ya wanafunzi iliyopo madarakani inaweza kuomba mambo madogo: mto wa kukalia, ruhusa ya kusimama na kwenda chooni bila kuhojiwa, chumba cha chini badala ya ghorofa ya nne, na mtu wa ofisi ya mshauri wa wanafunzi wa kuwaeleza taratibu za kuahirisha mapema. Hayo hayahitaji bajeti ya kusubiri mwaka mpya wa fedha.

Pili, sisi tunaosomea elimu. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi kwenye shule za mfumo rasmi. Na utafiti ule wa 2022 unaonyesha kuwa wasichana 22 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata ujauzito. Kwa hiyo tutakuwa nao madarasani mwetu, hakuna ujanja.

Mwaka wa kwanza, kabla ya haya ya dada, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, darasani kwangu alikuwepo mmoja. Alikuwa amerudi mapema kuwahi mitihani. Alikuwa anakalia sweta lake amelikunja, anajigeuza geuza, na kila kipindi anaomba ruhusa ya kutoka. Mwalimu mmoja akamwambia mbele ya wenzake kwamba kama amechoka shule arudi akalee. Mimi sikusema kitu. Nilidhani naye ni msumbufu tu.

Sasa hivi ningemwambia akae karibu na mlango, asimame anapotaka, atoke bila kunyoosha mkono. Halafu baada ya kipindi ningemwita pembeni, kidada tu, nimuulize kama alikaguliwa. Ni maneno machache, na ningeyajua mapema, dada yangu naye ningemuuliza siku ile ile aliposhuka kwenye bajaji.